Maswali ya Wasomaji: Mhadhiri Anapoitwa Kwenye Mgomo

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya ulioanza Septemba 2025 ulidumu siku 49, ukamalizika Novemba 5 kwa makubaliano juu ya malimbikizo ya mishahara ya shilingi bilioni 7.9. Barua tulizopokea tangu hapo zinaonyesha kwamba wanachama wengi wa Chama cha Wahadhiri wa Vyuo Vikuu, UASU, hasa walioajiriwa miaka ya karibuni, waliingia katika mgomo ule bila kujua sheria inawalinda wapi na inawaacha wapi. Nimewahi kuwa katibu wa tawi, na baadhi ya maswali haya niliulizwa ana kwa ana miaka mingi iliyopita. Majibu yanahusu sheria za Kenya peke yake. Wasomaji wa Tanzania na Uganda wana sheria zao, na wasiyachukue haya kuwa mwongozo wao.

Mwalimu, huu ni mwaka wangu wa pili kazini na nimejiunga na chama. Ujumbe uliingia kwenye simu usiku kwamba mgomo unaanza asubuhi. Nitajuaje kama mgomo ni halali kabla sijaacha kuingia darasani? — Mhadhiri mpya, Eldoret

Ujumbe wa simu ni habari tu, si ilani. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, lakini njia ya kuifikia haki hiyo imewekwa na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, na kifungu cha kusoma kwanza ni cha 76. Kinataka mzozo uwe unahusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama. Kinataka uwe umepelekwa kwenye upatanishi na ukashindikana. Na kinataka mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama awe ametoa ilani ya maandishi ya siku saba kwa mwajiri na kwa Waziri wa Leba. Likikosekana moja kati ya hayo, mgomo hauna ulinzi wa sheria, hata kama madai yake ni ya haki kabisa.

Upatanishi ndio unaosahaulika zaidi, kwa sababu unafanyika ofisini mbali na macho ya wanachama. Chama kikisharipoti mzozo, Waziri ana siku 21 za kumteua mpatanishi, na mpatanishi ana siku 30 za kujaribu kuwakutanisha wanaozozana. Akishindwa hutoa cheti kinachosema kwamba mzozo haukutatuliwa. Na hata asipokitoa, siku hizo 30 zikiisha, isipokuwa pande zote mbili zimekubaliana kuziongeza, mzozo huhesabiwa kuwa haukutatuliwa. Kwa hiyo mgomo ulioandaliwa vizuri huanza kuandaliwa miezi kadhaa kabla ya siku ambayo vitambaa vyekundu na matawi ya miti vinaonekana langoni.

Kuna pia kifungu cha 78, kinachotaja migomo iliyokatazwa: wa kuwaunga mkono wafanyakazi wengine, wa jambo ambalo pande mbili zimekubaliana lipelekwe mahakamani au kwa msuluhishi, na wa jambo ambalo tayari linaongozwa na mkataba wa pamoja, yaani makubaliano ya chama na mwajiri juu ya mishahara na masharti ya kazi, unaowafunga. Hili la mwisho mawakili wa waajiri hulishikilia sana, kwa kuwa migomo yetu mingi inahusu mkataba uliokwisha kutiwa saini lakini haukulipwa. Husema kwamba dai la namna hiyo ni la kudaiwa mahakamani, si la kugomewa. Mimi naona ni uchungu mkubwa mtu kuvunja ahadi kisha akajifunika kwa ahadi hiyohiyo, lakini hoja ipo, majaji huisikiliza, na viongozi wa chama wanapaswa kuwa na jibu lake kabla ya kutoa ilani.

Mwulize katibu wa tawi lako akuonyeshe vitu viwili: nakala ya ilani yenye mhuri wa kupokelewa, na cheti cha mpatanishi au barua inayoonyesha tarehe ya uteuzi wake. Wakati mmoja tawi letu lilihesabu siku saba kuanzia tarehe iliyochapwa juu ya barua badala ya siku ilipopokelewa, tukatoka madarasani siku moja mapema. Siku hiyo moja ilitugharimu wiki mbili za kujitetea, wakati madai yenyewe yamewekwa kando. Kiongozi mwadilifu hataudhika ukimwomba karatasi.

Shikamoo Mwalimu. Nina mkopo wa Sacco na watoto wawili shuleni. Mgomo ukiwa halali, mshahara wangu utaendelea kuingia? — Mama wa wawili, Mombasa

Marahaba, mama. Hapana, huna haki ya kuudai. Sheria inasema wazi kwamba hata katika mgomo uliofuata taratibu zote, mwajiri halazimiki kulipa kazi ambayo haikufanywa. Uhalali wa mgomo hulinda ajira yako: huwezi kufukuzwa wala kuadhibiwa kwa kushiriki, na Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inahesabu kushiriki mgomo halali kuwa si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Mshahara wa siku za mgomo ni jambo la kujadiliwa mwishoni, pande mbili zinapoandika makubaliano ya kurejea kazini. Mara nyingi wahadhiri wameupata kwa njia hiyo, lakini usipange bajeti yako kana kwamba tayari uko mfukoni.

Mgomo usiofuata sheria ni habari nyingine. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinamhesabu aliyeshiriki kuwa amevunja mkataba wake wa kazi, anaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu, na hana dai la malipo wala manufaa mengine ya Sheria ya Ajira kwa kipindi hicho.

Kuhusu Sacco, hilo ni tatizo ambalo vyama vyetu havilizungumzi vya kutosha. Mkopo wako unakatwa kwenye mshahara. Mshahara ukisimama, makato nayo yanasimama, lakini deni halisimami. Sacco haimo katika mzozo wenu na ina haki ya kuwageukia wadhamini wako, ambao kwa kawaida ni wahadhiri wenzako wa idara hiyohiyo, nao pia hawajalipwa. Nimeona urafiki wa miaka 15 ukivunjika kwa sababu hiyo. Mara ilani inapotolewa, usingoje tarehe ya mwisho wa mwezi: andika barua kwa meneja wa Sacco, eleza hali, omba ratiba mpya ya malipo, na umjulishe kila mdhamini kwa mdomo wako mwenyewe. Fanya hivyo pia kwa benki na kwa mwenye nyumba. Kama familia yako inatibiwa kwa bima inayolipwa na chuo, uliza kwa maandishi ikiwa itaendelea, na kama yuko mgonjwa nyumbani mwenye kliniki ya kila mwezi, mwambie katibu wa tawi mapema ili suala hilo liingie katika mazungumzo.

Katika mkutano ujao wa tawi, uliza pia mfuko wa mgomo uko wapi. Ada ya chama inakatwa kwenye mishahara yetu kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na chama kinachotaka wanachama wavumilie wiki saba bila mshahara kinapaswa kuwa na akiba ya kuwasaidia walio dhaifu zaidi miongoni mwao.

Chama kimetoa ilani, lakini mahakama imeamuru mgomo usimamishwe hadi kesi isikizwe. Viongozi wanasema tusonge mbele. Tumtii nani? — Mwanachama, Nakuru

Tiini mahakama, kisha mpigane ndani ya mahakama. Kifungu cha 77 kinamruhusu mwajiri kuiomba Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi izuie mgomo. Amri ikishatolewa, hata ya muda, inafunga mpaka iondolewe na mahakama hiyo au na Mahakama ya Rufaa, na mtu hana ruhusa ya kuipuuza kwa sababu anaamini imekosea. Mwaka 2017 viongozi saba wa chama cha madaktari walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kudharau amri ya mahakama wakati wa mgomo wao wa siku 100, wakaachiliwa na Mahakama ya Rufaa baada ya siku chache. Walipoingia jela walipata huruma ya wengi, lakini siamini kwamba kila tawi la wahadhiri lina nguvu ya kuubeba mzigo kama huo.

Soma amri yenyewe, si taarifa yake kwenye gazeti. Je, inasimamisha mgomo wote au katika chuo kimoja? Inamalizika lini? Inawaamuru pia waajiri waingie kwenye mazungumzo? Wanachama wengi hawajui kwamba amri ya kusimamisha mgomo si hukumu kwamba madai yao ni batili.

Nasema haya nikijua vizuri kwamba sheria haijawa rafiki yetu siku zote. Chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu kilipigwa marufuku mwaka 1980, na katibu wake, Willy Mutunga, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliwekwa kizuizini mwaka 1982. Wahadhiri waliogoma mwishoni mwa 1993 hadi 1994 hawakuwa wakidai nyongeza. Walikuwa wakidai UASU isajiliwe tu. Mwenyekiti wao, Korwa Adar, na katibu wao, Kilemi Mwiria, walipoteza kazi, na wengine walitolewa katika nyumba za chuo. Usajili ulikuja mwaka 2003. Wazee hao hawakuwa na Ibara ya 41 ya kushika mkononi. Sisi tunayo, na kila mara tunapokwenda kinyume cha amri tunampa mwajiri nafasi ya kuzungumzia utovu wetu badala ya deni lake.

Mimi ni mwenyekiti wa idara. Nagoma au nabaki ofisini? — Kisumu

Soma mkataba wa utambuzi kati ya chama na chuo chako. Ndio unaosema ni nani anayewakilishwa na chama. Kama cheo chako kimo, una haki sawa na mhadhiri mwingine yeyote, nawe usikubali kuambiwa uandike majina ya waliogoma kisha ukajiita mwenzao. Kama hakimo, baki kazini bila kuona haya, ila usifundishe vipindi vya walio nje.

Bado niko kwenye majaribio na sijajiunga na chama, ingawa nakatwa ada ya uwakilishi. Nikigoma nitafukuzwa? — Meru

Ada hiyo ni halali chini ya kifungu cha 49 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi, kwa kuwa nawe unafaidika na mkataba wa pamoja ingawa si mwanachama. Kifungu cha 76 hakiwataji wanachama pekee. Kinazungumza juu ya mtu yeyote anayeshiriki mgomo uliotimiza masharti. Hata hivyo, mkataba wa majaribio unaweza kukatishwa kwa ilani ya siku saba, na mwajiri mwenye kinyongo hawezi kukosa sababu nyingine ya kuandika. Mwaka 2021 Mahakama ya Ajira ilibatilisha kifungu kilichowanyima walio kwenye majaribio haki ya kusikizwa kabla ya kuachishwa kazi, kwa hiyo ukiitwa, dai kikao. Ushauri wangu ni kwamba ujiunge na chama kabla ya mgomo, maana ni vigumu tawi kumtetea mtu ambaye halina jina lake.

Nina wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho wanaosubiri alama. Dhamiri inanisuta. Nifanye nini? — Nairobi

Dhamiri inayokusuta ni njema, usiinyamazishe. Mgomo unamaanisha kuacha kazi: kufundisha, kusimamia mitihani, kusahihisha, kusimamia tasnifu. Hauna maana ya kuficha kazi iliyokwisha kufanyika. Alama ulizozikamilisha kabla ya siku ya kwanza ziwasilishe. Karatasi za mitihani ambazo hujazisahihisha zifunge mahali salama, wala usizipeleke nyumbani kama dhamana ya deni. Mwanafunzi aliyekopa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na kupanga chumba nje ya bewa hulipa kodi kila mwezi, tuwe darasani au langoni, na wazazi wake ndio wananchi tunaowaomba watuunge mkono.

Ongea na wanafunzi wako kabla ya mgomo, dakika kumi zinatosha. Waeleze unadai nini, tangu lini, na nini kitatokea kwa masomo yao mtakaporejea. Wanafunzi walioelezwa hivyo huwa watetezi wetu wakubwa, na waliopuuzwa hukasirika, wala siwalaumu.

Kuna jambo moja linaloniumiza. Wapo wanaogoma katika chuo cha umma asubuhi, kisha jioni wakafundisha kwa malipo ya saa katika chuo cha binafsi mjini. Huenda hakuna amri ya mahakama inayowazuia, ingawa mikataba mingi ya ajira inadai kibali cha mwajiri kwa kazi ya nje. Lakini mwanafunzi wako akikuona unaingia darasa la wengine siku ambayo lake limefungwa, hutakuwa na maneno ya kumwambia.

Tunarejea lini: televisheni ikitangaza kwamba mgomo umeisha, au tuliposikia waziri akiahidi? — Kakamega

Hamrejei kwa tangazo wala kwa ahadi. Mnarejea kwa makubaliano ya kurejea kazini yaliyotiwa saini na chama na wawakilishi wa waajiri, na chama kiwe kimewaagiza kwa maandishi. Katika makubaliano ya Novemba 2025 fedha ziligawanywa mara mbili, fungu la kwanza mwezi huohuo na la pili Julai 2026, na hapo ndipo pa kukazia macho: kiasi gani, tarehe gani, kutoka akaunti ya nani, na nini kitafuata tarehe ikipita. Angalia pia kama yanasema wazi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kushiriki, kwamba barua za onyo zilizotolewa zinafutwa, mshahara wa siku za mgomo utalipwa au la, na kalenda ya masomo itafidiwa vipi bila kuwabebesha wahadhiri vipindi vya usiku bila malipo.

Ikiwa makubaliano yameweka saa na siku ya kurejea, rejea siku hiyohiyo, kwa sababu anayechelewa hata siku mbili hana mgomo wa kumkinga tena. Tia saini kwenye daftari la mahudhurio, ulipige picha ukurasa wake, na uiweke picha hiyo pamoja na nakala ya ilani na hati za mishahara ya miezi mitatu iliyotangulia mgomo, mpaka fungu la mwisho liingie kwenye akaunti yako.