Umepigwa getini na tiketi unayo? Kabla hujalipiza, nisikilize

Jumanne usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Gongo la Mboto. Ulianza hivi: "Shikamoo kaka. Najua wewe ni Mnyama na mimi ni Mwananchi, ila kwa hili utani tuuweke pembeni." Yaani mimi ni shabiki wa Simba, yeye wa Yanga, watani wa jadi. Kisha akanieleza. Alikwenda uwanjani na tiketi yake, akapanga mstari, baunsa akamsukuma kifuani, simu ikaanguka na kioo kikapasuka. Alipouliza kosa lake akazabwa kofi mbele ya mchumba wake. Wenzake wa kijiweni wameshapanga kwamba mechi ijayo wanakwenda kumtafuta yule baunsa. Akamalizia na maswali mawili: mimi nilipopigwa getini nilifanyaje mpaka malalamiko yangu yakajibiwa, na mechi ijayo avae jezi au asivae.

Nimeusoma mara tatu. Nilimwambia nitamwandikia kwa kirefu, na kwa kuwa najua hayuko peke yake, namwandikia hapa ili nanyi msome.

Mdogo wangu, watu watakwambia hasira hasara, mwachie Mungu. Mimi sikwambii hivyo. Tiketi umenunua kwa jasho lako, umefika mapema, umepanga mstari kama mtu mwenye adabu zake, halafu umepigwa. Ukikasirika una haki. Kazi iko kwenye kujua hasira hiyo unaipeleka wapi, na hapo mimi nilikosea vibaya sana kabla sijapatia.

Mechi yenyewe siitaji, wala siku yake, kwa sababu suala lile nililifunga kwa maandishi na neno langu ni neno. Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayenifuata, wakati ule ana miaka 11. Alikuwa hajawahi kuingia uwanjani. Mwezi mzima alikuwa akiniuliza nyasi za pale ni za kweli au za plastiki. Mpira ulikuwa saa 11 jioni, sisi tukatoka Mbagala mapema, saa 8 tumeshashuka Uhasibu, kituo cha daladala karibu na uwanja. Nilimnunulia kofia nyekundu njiani, akaivaa kinyume kama anavyoona wakubwa wanavyovaa.

Mstari ulikwenda vizuri mpaka karibu na saa 10. Kisha mashine ya kusomea tiketi ikagoma, na upande wetu likabaki geti moja. Hapa naomba unielewe vizuri, maana watu wasiowahi kubanwa wanadhani fujo za getini zinaanzishwa na wahuni. Aliye nyuma hajui kwamba mbele pamefungwa. Anasikia kelele tu, anajua watu wanaingia, naye anasogea. Wa nyuma yake anasogea pia. Hakuna hata mmoja anayesukuma kwa nia mbaya, lakini ukiwa mbele unabebwa, miguu haigusi chini. Nilijaribu kumnyanyua mtoto mabegani, mikono ikagoma kupanda kwa sababu hapakuwa na nafasi hata ya kiganja. Alibanwa kwenye uzio wa chuma, uso umegeuzwa pembeni. Alikuwa halii. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba halii. Baadaye nikajua alikuwa hana pumzi ya kulilia.

Askari walipofika hawakuja kufungua, walikuja kutawanya. Kirungu cha kwanza kilinipata kwenye kiwiko cha mkono niliokuwa nimemshikia mtoto. Cha pili sikumbuki kilinipata wapi. Tulitokea upande wa maegesho, yeye ana ndala moja, kofia haipo. Shavuni alikuwa na alama za ule wavu wa uzio, vimraba vidogo vyekundu vimepangana kama daftari la hesabu. Tiketi zetu zote mbili nilikuwa nazo mfukoni, hazijaguswa na mashine yoyote. Bao la kwanza tulilisikia tukiwa nje.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hata mke wangu nilimwambia baada ya mwaka.

Tulirudi Uhasibu kwa miguu, sisi na kundi la watu kama ishirini, wote tumefungiwa nje, wote tunachemka. Kila mmoja anasema lake: wenzetu wameingizwa bure, wenzetu wanabebwa, sisi tunaonewa kila siku. Kituoni alikuwepo mzee mmoja wa makamo, amevaa jezi ya kijani ya Yanga, anasubiri gari. Hakumsemesha mtu. Sijui nani alianza. Ninachojua ni kwamba kola ya ile jezi ilikuwa kwenye mkono wangu, huu huu mmoja uliobaki mzima, na nilisikia kitambaa kikipasuka hadi kiunoni. Yule mzee hakupigana. Aliivua, akabaki na singlendi, akaikunja ile jezi iliyochanika vizuri kabisa, mikono ndani, kola juu, kama mtu anayeirudisha kabatini. Akaiweka kwenye mfuko wa rambo, akapanda gari. Mpwa wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na ndala yake moja.

Waliotuumiza walikuwa getini. Niliyemchania nguo hakuwa hata mmoja wao. Nimemtafuta yule mzee kila mechi ya watani tangu siku ile, sijamwona.

Kwa hiyo mdogo wangu unaponiambia wenzako wanakwenda "kumtafuta baunsa", mimi najua watakayempata siye. Baunsa yuko na wenzake kumi na redio. Mtakayempata ni mtu aliye peke yake kituoni.

Kilichonisaidia ni hiki: andika. Usiku ule kiwiko kimevimba kama ndimu, dada yangu akanilazimisha nikachukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kituo cha polisi nikaulizwa, "Nani amekupiga?" Nikasema askari. Yule wa kaunta akaniangalia kwa muda, akaangalia mkono, akamwangalia mtoto na zile alama, akavuta fomu akaandika. Akanipa na namba ya RB, namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi. Sikutegemea. Hospitali wakapiga picha, mfupa ulikuwa na ufa. Nikarudi nyumbani saa 7 usiku, na badala ya kulala nikakaa mezani nikaandika kwenye daftari la mahesabu ya dukani kila kitu: geti gani, saa ngapi mashine iligoma, watu wawili niliowajua waliokuwa karibu na namba zao za simu, rangi ya sare. Tiketi mbili nikazibandika kwa gundi ukurasa wa pili.

Kesho yake ningeandika matusi. Wiki moja baadaye ningekuwa nimesahau geti. Andika siku hiyohiyo.

Miezi ya katikati siisimulii, ilikuwa nenda rudi. Barua ya kwanza ya malalamiko haikujibiwa, ya pili niliambiwa imepotea, ya tatu nilibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na ule muhuri ndio uliofungua mlango. Nikaitwa kwenye kikao. Watu watano wamevaa suti, mimi na daftari langu. Mmoja akaanza na ile hadithi ya siku zote, kwamba mashabiki walikuja wamechelewa na hawana tiketi. Nikafungua ukurasa wa pili. Sikusema neno. Walirudisha shilingi 10,000 ya tiketi mbili, na wakaomba radhi kwa barua. Barua ipo kwangu, imewekwa kwenye plastiki. Ile elfu kumi sijaitumia mpaka leo. Kwenye tawi letu la mashabiki wa Simba kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kupiga ngoma tu, tangu siku ile wakanipa ukatibu, na nimesaidia watu wengine sita kuandika za kwao. Wawili wamejibiwa.

Utaniambia wawili kati ya sita ni wachache. Ni wachache. Lakini niambie, wangapi wamejibiwa kwa kung'oa kiti?

Maana sisi Simba tumejaribu na hiyo. Desemba 15, 2024, tuliwafunga CS Sfaxien ya Tunisia 2-1 kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, bao la ushindi la Kibu Denis mwisho kabisa wa mchezo. Siku ya kucheka ile. Ikageuka ngumi jukwaani, viti zaidi ya 200 vikang'olewa. Kila mtu tawini alisema walioanza ni wageni. Mimi pia nilisema. Lakini Januari 19, 2025, tulipocheza na CS Constantine ya Algeria, uwanja wa watu 60,000 ulikuwa mtupu kwa adhabu ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Tulishinda 2-0 na kwenye runinga unasikia wachezaji wakiitana majina kama mpira wa shule. Nani alianza halikuwa swali tena. Viti vilikuwa chini na picha zilikuwepo. Yaani tulikuwa na kesi, tukaikabidhi wenyewe.

Mei mwaka huohuo, fainali ya Kombe la Shirikisho, marudiano na RS Berkane yakahamishwa kutoka kwa Mkapa kwenda Amaan, Zanzibar. Tulisema figisu. Walisema ni hali ya eneo la kuchezea. Tukatoka sare 1-1, kombe likaenda Morocco. Inaniuma mpaka leo, na sijawaona waliokata tiketi ya boti kwa mkopo wakiulizwa na yeyote. Na Machi 8 mwaka ule ule, dabi, mechi ya Yanga na Simba, iliahirishwa siku yenyewe ya mechi, watu wameshatoka Mbeya na Mwanza kwa basi, wamelala Kariakoo kwa ndugu. Siku ile Yanga na Simba tulilia pamoja, kila mmoja akiamini ameonewa yeye. Shabiki ndiye anayelipa na ndiye wa mwisho kuambiwa. Hili nalisema bila kuogopa mtu.

Ila tukumbuke na hili. Mei 28, 2023, Yanga walipocheza mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger ya Algeria, watu walibanana wakati wa kuingia, mmoja akafariki na wengine wapatao 30 wakaumia. Mtu alitoka nyumbani kwake kwenda kuangalia mpira. Siku ile niliweka jezi yangu nyekundu kabatini na sikumtania mtu. Na Accra, Ghana, Mei 9, 2001, walianza na viti hivihivi vya plastiki: mashabiki wa Asante Kotoko wamekasirika, wamevirusha, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, watu wakakimbilia mageti yakiwa yamefungwa. Zaidi ya 120 hawakurudi nyumbani. Wengi kwenye ajali za namna hii hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa wamesimama, kifua kimekosa nafasi ya kupanuka.

Kwa hiyo ukijikuta umebanwa, mdogo wangu, weka mikono mbele ya kifua kama bondia, usirudishe msukumo, usiiname kuokota simu hata kama ni mpya. Mkumbo unaenda na kurudi. Ukirudi, sogea kiubavu kuelekea pembeni, kidogo kidogo, na kaa mbali na ukuta na uzio. Laiti ningelijua hili siku ile nisingemweka mtoto upande wa chuma.

Halafu uandike. Nasema tena kwa sababu najua mtapuuza. Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio pale uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza, wakapoteza maisha 97. Wakaambiwa makosa ni yao, walikuwa walevi, walivunja geti. Aliyeamuru geti lifunguliwe alikuwa mkuu wa polisi wa siku ile. Familia zikashika karatasi zao, mwaka kwa mwaka, na mwaka 2016 jopo la mahakama likatamka kwamba watu wale waliuawa isivyo halali na mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27! Sisi tunachoka wiki ya pili, tunarudi kijiweni kutukana.

Wewe kijana wa Gongo la Mboto, kioo cha simu kimepasuka, kipige picha kabla hujabadilisha. Tiketi usiitupe. Mchumba wako ni shahidi, mwambie aandike naye, kwa maneno yake, bila kukuuliza wewe. Barua yoyote utakayopeleka, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri. Na wale wenzako wa kijiweni waambie wanisubiri, nitakuja kukaa nao Jumapili baada ya swala ya alasiri, nikiwa na ile barua kwenye plastiki.

Mpwa wangu sasa ana miaka 15. Mpira anaangalia kwenye simu. Nimemwomba mara nne twende, amekataa mara nne, na sijamlazimisha.

Swali lako la pili, jezi. Vaa. Vaa ya kijani yako hiyo hiyo. Mechi ijayo ya watani shuka Uhasibu kabla ya saa 7, utanikuta nimevaa nyekundu kwa mama anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na kituo. Tutakwenda getini pamoja, na kalamu nitakuwa nayo.