Maswali yenu ya mseto, pakanga na malaria ya China

Niliposema dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria asili yake ni China, maswali yakamiminika. Leo najibu manne.

"Shikamoo dokta, ni kweli mseto imetoka kwenye majani ya Wachina au ni stori tu?" (Mama wawili, Morogoro)

Marahaba mama. Ni kweli kabisa. Tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri ukaitwa 523, yani mwezi wa 5 tarehe 23, sababu wanajeshi wa Vietnam Kaskazini walikuwa wanakufa na malaria huko porini na klorokwini, dawa ya malaria ya enzi hizo, ilishaanza kugoma. Mwaka 1969 akaingizwa mtafiti mmoja wa Beijing, Tu Youyou, mama ambaye hakuwa na PhD wala hakusoma nje, akaacha wanawe wadogo akaenda kisiwa cha Hainan kuwaona wagonjwa kwa macho yake. Timu yake ikapekua tiba za kale zaidi ya 2,000. Mmea mmoja, qinghao, ukaonyesha matumaini, afu wakirudia haufanyi kitu, wakirudia tena hola. Ndo akarudi kusoma maelekezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: chukua konzi ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Kamua, hakusema chemsha! Akashtuka kwamba kumbe moto ndo unaua dawa. Akatumia etha, kimiminika cha maabara ambacho kinachemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa wao kwanza kabla hajapewa mgonjwa. Nobel alikuja kuipata 2015 akiwa na miaka 84. Mi hapo kwenye kuinywa wao kwanza huwa naguswa sana.

"Sasa kama ni mmea si ninywe chai ya pakanga? Tunao mwingi bustanini." (Kijana wa Arusha)

Naomba usinywe ukaacha vidonge, mwanangu. Pakanga ni ukoo mmoja na qinghao (ndo ile ile ya Ufunuo 8, nyota iliyotia maji uchungu) ila pakanga wetu wa asili hana artemisinini ya maana, yani ile dawa yenyewe iliyomo kwenye qinghao, na hata ukipanda ule wa Kichina bado wewe unachemsha, rudi jibu la juu. Afu kikombe cha leo hakilingani na cha kesho. Artemisinini inatoka mwilini ndani ya masaa machache tu, kwaiyo ukinywa kidogo kidogo unaviacha vimelea vizima vikiwa vimeshaionja dawa. Shirika la Afya Duniani 2019 lilisema wazi halishauri hiyo chai.

"Nimemeza siku mbili nikapona, vilivyobaki si nimwekee mtoto akiugua?" (Baba J)

Hapana kaka yangu, hapana. Kuna siku mtu mzima alikuja dirishani kwangu akaniomba nimkatie karatasi ya vidonge kwa mkasi, achukue nusu, sababu hela ilikuwa haitoshi na homa yenyewe ilishashuka. Nilimwelewa ila sikukata. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne mara mbili kwa siku, siku tatu. Homa inashuka mapema kwa sababu artemisinini inapiga kwa nguvu halafu inaondoka, yule mwenzake lumefantrini, dawa ya pili iliyochanganywa kwenye mseto, anabaki mwilini siku kadhaa akimalizia vimelea vilivyojificha, na yeye anahitaji mafuta ili aingie vizuri kwenye damu, kwaiyo meza na maziwa au baada ya chakula. Magharibi ya Kambodia, mpakani na Thailand, artemisinini iliuzwa miaka mingi bila mwenzake, watu wanameza kidogo wanaacha, na kufikia 2009 ikathibitika vimelea vya huko vinachelewa kufa. Sasa hivi dalili za usugu zimeonekana Rwanda, Uganda na hapa kwetu Tanzania, mkoani Kagera. Wanao tutawatibu na nini? Na mtoto dozi yake inaenda kwa kilo zake, hupewi kwa kukisia.

"China wenyewe bado wana malaria?" (Msomaji, Mombasa)

Hawana. Miaka ya 1940 walikuwa na wagonjwa kama milioni 30 kila mwaka, na tarehe 30 Juni 2021 wakatangazwa wameimaliza. Sio dawa peke yake. Kulikuwa na wale madaktari pekupeku wa vijijini, wakulima waliofundishwa miezi michache tu, jioni anapita nyumba kwa nyumba na kiboksi chake, na miaka ya 80 wakaja na vyandarua vyenye dawa kabla havijazoeleka duniani. Mwishoni wakaweka utaratibu wa 1-3-7: mgonjwa aripotiwe ndani ya siku 1, wafuatilie alipoupata ndani ya siku 3, na ndani ya siku 7 wawe wameshafika eneo hilo kupima watu na kupulizia. Utaratibu huo ulijaribiwa Rufiji kuanzia 2015 na wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara wakishirikiana na Wachina, wakaubadilisha ufanane na sisi, wahudumu wa vijiji wakapima watu huko huko mitaani kwao na kuwapa mseto hapo hapo. Kata za mradi maambukizi yalishuka kutoka asilimia 26 hadi kama 5. Kata ambazo hazikuwa kwenye mradi nazo zilishuka ila kwa kama nusu tu.