Kani kati ya chaji: kalkuleta ikae mezani kwanza

Hesabu za chaji nukta, yaani chaji ndogo kiasi cha kuchukuliwa kama nukta, zinaonekana rahisi kuliko hesabu nyingine zote za umeme. Kanuni ni moja, ya Coulomb, inatosha kwenye mstari mmoja, na nusu ya darasa wanaikariri siku ile ile wanayofundishwa: F = kq₁q₂/r², ambapo F ni kani kwa nyutoni (N), q₁ na q₂ ni chaji mbili kwa kulombi, r ni umbali kati yao kwa mita, na k ni namba isiyobadilika, 9 × 10⁹. Halafu linakuja swali la chaji tatu, na darasa linatoa majibu matano tofauti. Nimefundisha tuisheni kwa wanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na wa mwaka wa kwanza chuoni muda wa kutosha kujua kwamba wengi hawakosi kwa kutoijua kanuni. Wanakosa kwa sababu wanaidai kitu isichokuwa nacho. Kanuni ya Coulomb inakupa ukubwa wa kani. Kani inaelekea wapi, hilo utalitoa kwenye mchoro wako mwenyewe. Ndiyo maana nawasihi wanaoanza mada hii waache kalkuleta mezani mpaka mishale yote iwe imechorwa.

Tuanze na ishara, maana hapo ndipo alama nyingi zinapopotelea. Mwanafunzi ana −3 µC na +4 µC (µC ni mikrokulombi, sehemu moja ya milioni ya kulombi). Anaziingiza zote mbili pamoja na ile hasi, anapata kani hasi, kisha anaandika "kuelekea kushoto" kwa kuwa kwenye mhimili wa x hasi iko kushoto. Hasi aliyoipata haijasema kushoto. Imesema tu kwamba chaji hizo zinavutana. Kuvutana huko kutaipeleka chaji kushoto au kulia kutegemea mwenzake amekaa upande gani. Kwa hiyo ndani ya kanuni ingiza ukubwa peke yake, 3 na 4, bila ishara. Ishara zitumie mara moja tu, pale unapochora mshale: zinazofanana zinasukumana, zisizofanana zinavutana. Mshale ukishachorwa, ishara imemaliza kazi. Wapo walimu wanaoingiza ishara ndani ya kanuni ya vekta na wanapata jibu sahihi, nami sibishani nao. Lakini wao wanabeba vekta kamili, yenye mwelekeo wake ndani. Wewe umebeba ukubwa mtupu, na ukichanganya mitindo hiyo miwili utaumia.

Tufanye moja. Chaji tatu ziko kwenye mstari: A ni +2 µC na iko x = 0, B ni −3 µC na iko x = 20 cm, C ni +4 µC na iko x = 50 cm. Tafuta kani inayoipata C. Neno "inayoipata C" lipigie mstari, kisha chora C peke yake kama nukta, na mishale yote ianzie kwenye nukta hiyo. A inaisukuma C, basi mshale wa kwanza unaenda kulia. B inaivuta, mshale wa pili unarudi kushoto. Sasa ndiyo ushike kalkuleta. Kutoka A, umbali ni 0.50 m: 9 × 10⁹ × 2 × 10⁻⁶ × 4 × 10⁻⁶ ÷ 0.25, yaani N 0.288. Kutoka B, umbali ni 0.30 m: 9 × 10⁹ × 3 × 10⁻⁶ × 4 × 10⁻⁶ ÷ 0.09, yaani N 1.2. Tofauti ni N 0.912 kuelekea kushoto. Umbali wa C kutoka A ni 50 cm japokuwa B imekaa katikati yao. B haikingi wala haipunguzi kani ya A. Kila jozi unaihesabu kana kwamba chaji nyingine hazipo, kisha unajumlisha.

Kuna ukaguzi ambao vitabu vingi havisisitizi, nami naupenda kuliko kurudia hesabu ile ile mara ya pili. Kani za jozi ni sawa kwa ukubwa na zinapingana, hata kama chaji moja ni kubwa mara kumi ya mwenzake. Hivyo ukitafuta kani inayoipata kila moja ya chaji zote tatu na kuzijumlisha, lazima upate sifuri. Kwenye mfano wetu, A inapata N 1.062 kulia, B inapata N 0.15 kushoto, na C ndiyo hiyo N 0.912 kushoto. Jumlisha: sifuri. Isipotoka sifuri, kuna mshale umeelekea kusiko.

Sasa kuhusu kipeo cha pili kilicho juu ya r. Wanafunzi wanakisahau kana kwamba kiliwekwa kwa urembo. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alikipata mwaka 1785 kwa mizani ya msokoto: kijiti chenye kitufe cha chaji kikining'inia kwenye waya mwembamba, na kitufe kingine chenye chaji kando yake. Vitufe viliposukumana vikatengana kwa digrii 36, waya ulikuwa umejisokota kwa digrii 36. Akausokota waya zaidi mpaka vitufe vikabaki digrii 18 tu, nusu ya pale pa mwanzo. Msokoto wote ukawa digrii 144, mara nne kamili. Alipovibana mpaka digrii 8.5, karibu robo ya pale pa mwanzo, msokoto ukafika digrii 575.5, takriban mara kumi na sita. Namba ya mwisho haikai vizuri sana ukiipigia hesabu, na hiyo ni kawaida ya maabara. Jambo la kubaki nalo ni hili: umbali ukigawanywa kwa mbili, kani inazidishwa kwa nne. Maswali mengi ya kuchagua jibu hayahitaji k wala mikro. Yanataka uwiano huo tu. Chaji moja ikizidishwa mara mbili na umbali mara tatu, kani mpya ni 2/9 ya ile ya zamani, na umemaliza.

Kwenye tarakimu zenyewe, makosa ni yale yale kila mwaka. Sentimita zinaachwa kama sentimita. 0.3 kipeo cha pili inaandikwa 0.9 badala ya 0.09. Mikro (10⁻⁶) inachanganywa na nano (10⁻⁹). Na lipo la kalkuleta ambalo halionekani kwa macho: kwa 10⁻⁶ mtu anabonyeza 10, kitufe cha EXP, −6, akidhani ameandika sehemu moja ya milioni. Kitufe hicho tayari kimebeba ile "mara kumi kwa kipeo", kwa hiyo alichoandika ni 10 × 10⁻⁶, na jibu lake litakuwa kubwa mara kumi. Bonyeza 1, EXP, −6. Afadhali zaidi, tenganisha vipeo na namba: zidisha 9 × 3 × 4 kichwani, vipeo vijumlishwe pembeni, 9 − 6 − 6 = −3, kisha gawanya. Ukizoea hivyo utaona kosa kabla halijafika kwenye jibu.

Kuwa pia na hisia ya ukubwa. Chaji mbili za kulombi moja moja, zikiwa mita moja mbali, zingesukumana kwa N 9 × 10⁹, sawa na uzito wa karibu tani laki tisa. Hakuna tufe la maabara linalobeba hiyo. Ukipata mamilioni ya nyutoni kwa vijipira viwili vilivyoning'inizwa kwa uzi, usiandike hilo jibu ukahamia swali linalofuata. Rudi utafute mikro uliyoisahau.

Mambo yanakuwa matamu pale chaji zinapotoka kwenye mstari mmoja. Weka +5 µC kwenye asili ya mihimili, +3 µC kwenye mhimili wa x umbali wa 30 cm kulia, na −4 µC kwenye mhimili wa y umbali wa 30 cm juu. Ile ya kulia inaisukuma chaji yetu kushoto kwa N 1.5. Ile ya juu inaivuta juu kwa N 2.0. Anayejumlisha bila kufikiri anaandika 3.5, na anayetoa anaandika 0.5. Zote si sahihi, kwa sababu mishale imekutana kwa pembe mraba. Pythagoras anatoa N 2.5. Kwa mwelekeo, ukiiambia kalkuleta itafute pembe ambayo tanjenti yake ni 2 ÷ (−1.5), itakujibu −53.1, yaani chini kulia. Tazama mchoro wako: mishale ilienda juu na kushoto. Kalkuleta haijui tofauti ya robo hizo mbili, wewe unaijua. Andika "digrii 53.1 juu ya mhimili hasi wa x" na msahihishaji hatakuwa na la kukuuliza.

Pembe isipokuwa mraba, zigawe kani katika sehemu za mlalo na wima, ila kwanza uliza kama kuna usawa wa pande mbili. Chaji mbili za +2 µC ziko 30 cm kushoto na 30 cm kulia, na ya tatu, +5 µC, iko 40 cm juu ya katikati yao. Kila moja iko 50 cm kutoka kwa ile ya juu na inaisukuma kwa N 0.36. Sehemu za mlalo zinafutana zenyewe, huna haja hata ya kuzihesabu. Za wima ni 0.36 × 40/50 kila moja, jumla N 0.576 kwenda juu. Angalia kwamba sikuitafuta pembe. Kosini na sini ni uwiano wa pande, na pande unazo tayari. Kutafuta digrii kisha kuzirudisha kuwa kosini ni kujichosha na kukaribisha makosa ya kukadiria desimali.

Swali la "iwekwe wapi ili kani iwe sifuri" linapendwa sana na watunga mitihani. Amua kwanza eneo, ndipo uandike mlinganyo. Chaji zikiwa za ishara moja, sehemu hiyo iko katikati yao. Zikiwa za ishara tofauti, iko nje, upande wa chaji ndogo. Kwa +4 µC na −1 µC zilizoachana 30 cm: 4/(30 + x)² = 1/x². Usifungue mabano. Chukua kipeuo cha pili pande zote, 2/(30 + x) = 1/x, na x ni 30 cm nje ya ile hasi. Anayefungua mabano anapata pia x = −10 na anabaki kushangaa achague lipi. Hiyo −10 iko katikati ya chaji mbili, mahali ambapo kani mbili zinalingana kwa ukubwa kweli, ila zote zinaelekea upande mmoja. Mchoro ungemwambia hivyo mapema. Chaji ya tatu yenyewe inaweza kuwa ya ukubwa wowote, maana inajifuta kwenye mlinganyo.

Vijipira vya kwenye uzi nitavigusa tu. Kila kimoja kina gramu 0.20, nyuzi zina sentimita 50, na kila uzi umeinama digrii 5 kutoka wima. Kani ya umeme ni mg, yaani uzito wa kijipira, mara tanjenti ya digrii 5. Mtego uko kwenye r: si urefu wa uzi, ni mara mbili ya urefu wa uzi mara sini ya pembe, hapa 8.7 cm. Utapata chaji ya karibu nanokulombi 12, ukubwa unaoaminika kwa kitu kilichosuguliwa kwa kitambaa. Na kama matufe ni makubwa, pima kutoka kitovu hadi kitovu. Yakiwa ya chuma na yamesogeleana sana, chaji zinahama juu ya uso wake na kanuni ya chaji nukta haitoshi tena.

Nakuachia moja ya kufanya bila kuangalia popote. Chaji nne za +q ziko kwenye kona za mraba wenye upande a. Katikati imewekwa chaji hasi, −Q, kiasi kwamba kila chaji ya kona inapata kani sifuri. Tafuta Q kwa q. Jibu ni 0.957q. Ukipata 1.25q, umejumlisha kani za kona kama namba za kawaida bila mishale. Ukipata 0.707q, umeisahau chaji ya kona ya mkabala. Na ukipata 0.479q, tazama tena umbali wa kutoka kona hadi katikati: umeweka nusu ya upande badala ya nusu ya ulalo.