Fulana za mtaani Dodoma: anza na jina lako

Mdogo wangu, nimekuelewa: uko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mtaji mdogo, unataka kuuza fulana na hudi za mtaani, na mwenzako anakushauri uchapishe nembo ya Supreme, chapa ya mavazi ya Marekani, kwa sababu inauzika haraka. Hapo usimsikilize. Kuuza bidhaa bandia ni kosa, na Tume ya Ushindani (FCC) huzikamata.

Halafu mavazi haya yalikua kwa watu kuweka alama zao wenyewe. Shawn Stussy alitengeneza mbao za kuteleza kwenye mawimbi huko California. Saini aliyoiweka kwenye mbao akaihamishia kwenye fulana miaka ya 1980. Supreme nayo ilianza New York mwaka 1994, duka la vijana wa skeitibodi. Kila mmoja aliwavalisha watu wake. Wa kwako ni akina nani? Wachanaji wa rap, madansa, wacheza kikapu? Kaa nao kwanza, uone wanavaa nini.

Mzigo katafute soko la Sabasaba hapo Dodoma, asubuhi balo za mitumba zinapofunguliwa. Chagua pamba nzito. Vuta kola, isiporudi, iache. Inua kwapa kwenye mwanga utazame mshono. Chapisha chache, na moja uifue mara kadhaa kabla hujauza, maana rangi ikibanduka mteja harudi.

Mabakamabaka usiguse, hata yakipendeza vipi. Jeshi la Wananchi (JWTZ) linakataza raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare zake, na mwaka 2023 lilitoa siku 7 watu wayasalimishe.

Jina likianza kuuza, lisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara. Fomu zikikuchanganya, muone mwanasheria kabla hujalipa.