Umesoma Tangazo Mpaka Chini? Majibu ya Barua za Karakana

Barua zimeingia tisa, na karibu nusu yake zinauliza jambo ambalo limebandikwa ukutani. Nimejibu nane. Ya tisa iliandikwa "Mwalimu, kuna nini wiki hii?" Huyo atajibiwa na ubao.

Shikamoo mwalimu. Mashindano ya ufundi ya shule ni siku gani? Tangazo nililipiga picha ila simu imeisha chaji. (Umeme wa majumbani, mwaka wa kwanza)

Marahaba. Ubao hauishi chaji.

Mkufunzi alinitoa kwenye mashine ya kutobolea mbele ya wenzangu kwa sababu nilivaa glavu. Mbona tangazo la karakana linasema "Vaa vifaa vya kujikinga muda wote"? Kosa langu ni lipi? (Ufundi mitambo)

Kosa lako ni dogo. La aliyeandika tangazo ni kubwa kuliko lako.

Kinachozunguka hakitaki kitambaa. Ncha ya drili ikidaka uzi mmoja wa glavu haiishii kwenye uzi, inaivuta glavu nzima, na ndani ya glavu mna vidole vyako. Mkono mtupu ukiigusa ncha unachubuka au unachanika, na mara nyingi unawahi kuuondoa. Ulio ndani ya glavu unasokotwa pamoja nayo. Kwa hiyo mbele ya drili au mashine ya kukereza: miwani ndiyo, glavu hapana. Mikono ya ovaroli ifungwe vifungo, nywele zifunikwe, pete na bangili zibaki bwenini. Glavu zina kazi yake, ni za kubebea mabati yenye kingo kali na za kuchomelea.

Niliwahi kusimama hatua mbili kutoka kwa kijana ambaye uzi wa sweta uliingia kwenye kichwa cha drili. Mwenzake aliyekuwa jirani na swichi alizima. Tulipogeuka, sweta lilikuwa limejiviringisha kwenye ncha kama utambi wa taa, na kijana amesimama kifua wazi, anatetemeka, hana hata mchubuko. Tulilikata vipande kwa kisu kulitoa. Tangu siku hiyo nikiona maneno "muda wote" kwenye tangazo la usalama, najua mwandishi hakulifikiria kwa kila mashine. Mwombe mkufunzi alibandue, na kila mashine iwe na karatasi yake.

Mimi ni katibu wa klabu ya useremala. Kila wiki nabandika tangazo, wanakuja watu wanne. Wanafunzi wa siku hizi hawasomi. Nifanyeje? (Katibu)

Umenitumia na nakala, nakushukuru. Naiweka hapa kama ilivyo: "WOTE MNATANGAZIWA KUWA KUTAKUWA NA KIKAO MUHIMU SANA KESHO BAADA YA VIPINDI. KUFIKA NI LAZIMA. ATAKAYEKOSA ASILAUMU."

Bwana katibu, hao wanne ni wengi.

Kesho ya lini? Karatasi ilibandikwa Jumatatu, mimi naisoma Alhamisi, kwa hiyo kwangu kikao ni Ijumaa. Wote ni akina nani, pamoja na wapishi? Baada ya vipindi vya nani, wakati waashi wanatoka saa nane na watu wa magari saa kumi? Mahali hukutaja kabisa. Halafu hilo "muhimu sana" limechoka: kwenye ubao wetu hata kandambili iliyopotea ni muhimu sana.

Wewe ni seremala. Mteja akikuletea mchoro ulioandikwa "meza iwe nzuri, miguu iwe minne, atakayekosea asilaumu", utakata mbao? Utamrudisha. Utataka urefu, upana, kimo, aina ya mbao, kiungo cha ulimi au cha misumari. Tangazo nalo ni mchoro. Asiyejua kuliandika ana dalili ya kutojua kuchora, na asiyejua kulisoma ndiye atakayekata ubao kabla ya kuangalia kipimo mara ya pili. Nimewaona wote wawili, na mara nyingi ni mtu mmoja.

Jaribu hivi: "Klabu ya useremala, wanachama na wanaotaka kujiunga. Alhamisi 12 Machi 2026, saa 10:15 jioni, karakana ya mbao. Tutagawana kazi ya viti vya maonyesho. Njoo na penseli na futi yako. Kikao ni dakika 40. Wa kutwa watawahi basi."

Sentensi ya mwisho ndiyo uliyoikosa miezi yote. Shule iko shambani. Mtoto wa kutwa akikosa basi la jioni anatembea gizani, na hakuna kikao cha viti kitakachomshawishi. Mwambie saa ya kuondoka utashangaa nani anakuja. Na kikao kikiisha, bandua karatasi kesho yake asubuhi. Ubao wetu bado unawaalika watu kwenye mahafali ya vijana ambao sasa wana mafundi wasaidizi wao.

Binti yangu anabaki shuleni jioni mbili kwa wiki kwa ajili ya klabu ya kuchomelea. Nyumbani kazi zipo. Klabu hiyo inaongeza alama? (Mzazi)

Alama, hapana, mama. Inaongeza mkono.

Darasani mashine ni chache na wanafunzi ni wengi, kila mmoja anashika kishikio kwa dakika chache kisha anampisha mwenzake. Kuchomelea hakujifunzwi kwa kutazama. Mkono unatakiwa ujue wenyewe mwendo wa kijiti cha kuchomelea, umbali wake na chuma, mwinamo wake. Sikio nalo linajifunza: kazi ikienda vizuri inasikika kama kitu kinachokaangwa, mlio mmoja usiokatika, ukisikia inapasuka-pasuka, ujue umbali umepotea. Hayo yanataka saa nyingi, na saa hizo ziko klabuni.

Wazazi kuuliza swali lako si jambo jipya. Mashindano ya kimataifa ya ufundi, ambayo leo yanaitwa WorldSkills, yalizaliwa Hispania, nchi iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafundi. Walianza na mashindano ya kitaifa mwaka 1947, na mojawapo ya shabaha ilikuwa kuwaonyesha vijana, na wazazi wao, kwamba ufundi una mustakabali. Mwaka 1950 walikutana na Ureno jijini Madrid, vijana 12 kila upande. Mwaka 2024 mashindano hayo yalifanyika Lyon, Ufaransa, na walioshindana walikuwa zaidi ya elfu moja. Kuchomelea ni mojawapo ya fani zake.

Hukuniuliza, ila nitasema: usikubali akarudi peke yake usiku. Dai shule iandike kwenye tangazo saa ya kumaliza na nani anawasindikiza. Na msimu wa mavuno mwandikie mlezi wa klabu mapema kwamba binti atapungua wiki mbili. Shule ya kijijini inayopanga maonyesho katikati ya mavuno halafu ikalalamika wazazi hawaji imejitafutia yenyewe.

Nina miaka 24. Naweza kufika hayo mashindano ya kimataifa? (Ufundi magari)

Kwa fani nyingi kikomo kimekuwa miaka 22 katika mwaka wa mashindano, na 25 kwa fani chache. Soma masharti ya fani yako kabla ya kununua sanduku la safari.

Klabu imetangaza tulete vyuma chakavu vya kutengenezea majiko ya maonyesho. Nyumbani kuna pipa la dizeli la zamani na mabomba ya maji yanayong'aa. Nilete vyote? (Mwaka wa pili)

Pipa liache hukohuko, na mwambie kila aliye nyumbani asiliguse kwa grenda wala moto.

Pipa tupu la mafuta si tupu. Kimiminika kimeondoka, mvuke umebaki, na kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Lililojaa mafuta halina nafasi kubwa ya hewa. Tupu ndiyo inayo. Hata kama limekaa miaka juani, mabaki yaliyoganda kwenye mshono yakipata joto la kukatia hugeuka mvuke upya. Kulisuuza kwa sabuni hakukupi ruhusa. Kuna wanaojua kuliandaa pipa kama hilo likakatwa salama, nao si wanafunzi wanaohangaikia maonyesho.

Mabomba nayo yanang'aa kwa sababu yamepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kabla chuma hakijashikana, zinki imeshakuwa moshi mweupe puani mwako. Saa chache baadaye unapata homa, baridi na maumivu ya viungo, unadhani ni malaria. Kwa kawaida hupita baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana watu wanairudia. Usiyachomelee, na usiyatie kwenye jiko. Yatumie kwa miguu ya benchi, yakatwe kwa msumeno wa mkono na yafungwe kwa bolti.

Aliyeandika "leteni vyuma chakavu" akaishia hapo aongeze mistari miwili: vipi vinafaa, vipi haviingii getini. Na kwa kuwa maonyesho yanakuja, wekeni mapazia kwenye kona ya kuchomelea. Mgeni anayekodolea macho ule mwanga bila ngao hasikii kitu hapohapo. Atasikia mchanga machoni usiku, akiwa kwake, na hapo atawahi zahanati wala asijitie chochote alichoshauriwa na jirani.

Cheti cha ushiriki wa maonyesho kitanisaidia kupata kazi? (Uashi)

Kidogo. Picha ya ukuta ulioujenga, na pimamaji limelazwa juu yake povu likiwa katikati, itakusaidia zaidi.

Mwalimu, ziara ya kiwandani tangazo linataka buti za usalama. Mimi nina raba, ila ni ngumu sana. Naruhusiwa? (Umeme, mwaka wa kwanza)

Hapana. Tangazo hilohilo, mstari wa tatu, linasema stoo inaazimisha buti mpaka Jumatano saa sita mchana. Uliishia mstari wa pili.