Tuulize: Wote wanaisifia bia yangu, majaji wakanipa 27

SWALI: Mambo mhariri, natengeneza bia mwenyewe nyumbani, mwaka huu nikajitosa nikapeleka pilsner yangu (bia nyepesi ya rangi ya dhahabu) kwenye shindano la kimataifa, nikaisajili kama pilsner ya Kijerumani, maana washkaji wote wakiionja wanataka ya pili. Majibu yamerudi: 27 kwa 50, na jaji kaandika "siagi". Sijaweka siagi popote! Hivi hawa wanaonja kweli au wanabahatisha?

JIBU: Pole ndugu yangu, najua inavyouma, ila wanaonja kweli. Bia inafika mezani ina namba tu, jaji hajui ni ya nani, na kama fomu yako ni ile ya BJCP (chama cha Marekani kilichoanza 1985, kazi yake kufundisha na kupima majaji) basi 27 inaangukia 21 mpaka 29, kundi la "nzuri". Ladha ina pointi 20, harufu 12, bia kwa ujumla 10, inavyokaa mdomoni 5, muonekano 3. Watu wanahangaika wiki nzima na rangi, kumbe ni pointi 3!

Sasa hiyo siagi. Inaitwa daiasetili, na chanzo chake ni hamira yenyewe wakati bia inachacha, halafu ukiipa muda hamira hiyohiyo inaifyonza tena. Ukiwahi kuipoza bia, hamira inalala kazi haijaisha na siagi inabaki humo. Next time ikikaribia kumaliza kuchacha pandisha joto kidogo, iache siku mbili tatu, onja, ndo upoze. Na vyombo visafishe haswa, kuna bakteria nao wanaleta ladha hiyohiyo.

Ila kilichoniuma zaidi kwenye barua yako ni kategoria. Pilsner ya Kijerumani inatakiwa iwe safi, kavu, siagi hapana. Pilsner ya Kicheki siagi kidogo inavumiliwa, na kimea chake (ile nafaka iliyooteshwa) kinajaa mdomo zaidi. Yani bia ileile, jaji yuleyule, meza nyingine, ungeweza kupata pointi tofauti kabisa. Washkaji wako wanaangalia kama ni tamu, jaji anaangalia kama ni ile uliyoandika kwenye fomu. Kwa hiyo soma maelezo ya staili bia ikiwa mkononi, sio kabla hujaipika, na usajili kile kilichotoka kweli. Hata World Beer Cup, shindano la bia la kimataifa lililoanza 1996, majaji wakiona hakuna bia iliyofikia dhahabu kwenye kategoria hawaitoi, na mimi naona wako sahihi kabisa, medali inayogawiwa ilimradi haimsaidii mtengenezaji yeyote.

SWALI: Saida yangu (juisi ya matufaa iliyochachushwa) jaji mmoja kaandika ina "panya", mwenzake wa meza hiyohiyo kaisifia. Nimuamini nani?

JIBU: Wote wawili, dada. Hiyo ladha inafanana na kizimba cha panya, na haijitokezi kwenye harufu kwa sababu saida ina asidi. Mpaka umeze, mate yapunguze ile asidi, ndo inakuja sekunde kadhaa baadaye, na kuna watu hawaisikii kabisa maisha yao yote. Wanaoileta ni bakteria na hamira za porini, hasa hewa ikiingia na salfaiti (dawa ya kuhifadhi kinywaji) ikiwa kidogo au hakuna. Ikishaingia usihangaike kuitoa, linda pipa linalofuata: jaza mpaka juu, funga vizuri. Na kabla ya kutuma chupa, sukutua mdomo kwa maji yenye bekingi soda kidogo halafu onja, kama panya yupo utamsikia wewe kabla ya jaji. Kama huisikii hata hapo, mpe mtu mwingine naye aonje hivyohivyo.