Meli ya bahari kufika Kisangani?

Haifiki, ndugu. Ukitaka kushusha kontena moja kwa moja kwenye gati la Kisangani, mji wa DRC kando ya mto Kongo, meli yako itakwama bandari ya Matadi, maana ukipanda mto kutoka hapo kuna maporomoko ya Livingstone. Hapo mzigo hupanda treni au lori hadi Kinshasa. Reli hiyo ilikamilika 1898. Kutoka Kinshasa mto Kongo unapitika tena, takriban kilomita 1,700, lakini kwa matishari bapa yanayosukumwa na boti, kwa sababu mafungu ya mchanga huhamahama na kina hubadilika kwa msimu. Siku ngapi? Atakayekutajia idadi kamili anakudanganya. Kisangani kwenyewe ndiyo mwisho wa njia: mbele ni maporomoko ya Boyoma, ndiyo maana ikajengwa reli nyingine kwenda Ubundu, mji ulio baada ya maporomoko hayo.